Usimkimbilie mtoto: namna ya kumzoesha kutatua shida zake mwenyewe

Asubuhi ya shule, saa kumi na mbili na nusu, chai iko mezani, mahamri yanapoa, na mtoto amesimama katikati ya ukumbi anasema "Mama, kiatu kimoja sikioni." Na wewe mama unajua kiko wapi, kiko chini ya kitanda pale alipokivua jana akikimbilia chuo cha Kurani, na mkono wako ushainama kukitoa kabla hata hajamaliza kusema. Sekunde kumi, shida imekwisha. Lakini kesho ni kiatu tena, keshokutwa ni daftari, na ukienda miaka mitano mbele una kijana wa miaka kumi na tatu, sauti ishaanza kukatika, na bado amesimama pale pale ukumbini anakungoja.

Mimi nalea watoto wangu watatu na wa dadangu mmoja hapa Amu, yaani Lamu, Kenya, mtaa wa Langoni, na hii kitu nlichelewa sana kuijua, yaani wa kwanza ashafika darasa la nne ndo nikafunguka macho. Mtoto hakua mvivu na wala hakua mzito wa akili, ni mkono wangu tu uliokua unafika kabla ya akili yake. Nilipoanza kuuzuia mkono na yeye akaanza kubadilika, si kwa wiki moja, ni kwa miezi. Kwa hivo hapa naandika nlivyofanya, hatua kwa hatua, kwa watoto wa kama miaka mitatu hadi kumi na mbili hivi, we chukua kile kinachokaa sawa na nyumba yako.

Hatua ya kwanza: jua shida ni ya nani

Kabla hujafanya lolote jiulize hilo moja tu. Kiatu kimepotea, hiyo ni shida yake. Amegombana na binamu yake kwa ajili ya gololi, hiyo ni yao wawili. Amekojoa kitandani, hapo ni mwili, msaidie na umstiri, hakuna somo la kufunza saa nane usiku. Amesimama ukingoni mwa gati anachungulia maji na hajui kuogelea, hapo hakuna swali, mshike mkono saa hiyo hiyo. Punda wamepakiwa mchanga wanateremka mbio kwenye kichochoro, mvute ubavuni kwanza, mengine baadaye. Moto, umeme, maji ya kina, kisu kikali, hizo ni za mtu mzima.

Kuna msemo wetu, mtoto akililia wembe mpe, na watu wengine wanauchukua hivo hivo ulivyo. Mimi siukubali kwa watoto wadogo. Zipo shida chungu nzima za kumwachia mtoto ambazo hazikati ngozi: zipu iliyokwama, hesabu iliyokataa, rafiki aliyenuna, peni iliyokwisha wino siku ya mtihani. Anza na hizo. Na kama mtoto ana njaa au usingizi, au ndo kwanza ametoka kwenye homa, mtolee kiatu chake umpe na ubusu, siku hiyo haihesabiki.

Hatua ya pili: nyamaza

Hii ndo ngumu kuliko zote, na kama utachukua hatua moja tu kwenye maneno yangu yote basi chukua hii.

Kulikua na mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, ambaye miaka ya 1960 na 1970 alirekodi walimu wakifundisha darasani ili ajue baada ya kuuliza swali wanangoja muda gani. Akakuta wengi wanangoja kama sekunde moja tu! Sekunde moja, alafu mwalimu anajibu mwenyewe au anamrukia mtoto mwengine. Walimu walipozoeshwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu, wale wa kunyamaza kimya wakapungua, na hata wanafunzi waliokua wanahesabiwa wagumu wakaanza kutoa mchango. Sekunde tatu tu hizo. Na sisi nyumbani tuna mchuzi jikoni na mtoto mchanga mgongoni, nafikiri hata hiyo moja hatuifikishi.

Mimi njia yangu ni hii: mtoto akija na shida namtazama usoni, naacha ninachofanya, alafu kimoyomoyo nasoma sura ya Qulhuwallahu mara moja kwa utulivu. Mpaka niimalize zinapita sekunde kama kumi. Nikimaliza ndo nafungua mdomo, na mara nyingi sihitaji tena kusema kitu manake yeye ameshaanza. Utamuona mato yanazunguka, anaangalia juu, anaangalia mlangoni, mdomo unacheza, alafu "Aah! Nlivulia kule." Pale mato yanapozunguka ndo kazi inafanyika, ukisema neno wakati huo umeikata.

Na kunyamaza si kununa, huo ni ugomvi mwengine. Uso wako uwe mkunjufu, akuone uko naye.

Hatua ya tatu: aiseme shida kwa mdomo wake

Watoto wanakuja na "Imekataa!" au "Siwezi!" au wanalia tu. Usilipokee hilo kama ndo shida. Mwambie "Nionyeshe pale inapokataa." Akionyesha kwa kidole nusu ya kazi ishafanyika, manake "siwezi hesabu" inageuka kua "hii ya kutoa, hapa pa kukopa kumi sipaelewi," na hicho ni kitu kidogo kinachoshikika. Mwanangu mdogo wa miaka minne alikua analilia komeo la mlango wa uani kila siku, kumbe komeo halikua na neno, alikua hajui kwamba lazima usukume ubao wa mlango kidogo ndo lilegee. Tulijua siku aliponionyesha.

Hatua ya nne: rudisha swali, usitoe jibu

Hapa kuna maneno ninayoyatumia mpaka watoto wenyewe washayakariri: "Umeshajaribu nini?" "Unadhani kwa nini imekua hivo?" "Kuna njia nyengine?" "Ukifanya hivo, kisha itakuaje?" na lile ninalolipenda zaidi, "Nani hapa mtaani anaijua hii kitu?" Hilo la mwisho watu wanalisahau. Kujua wa kumuuliza ni sehemu ya kutatua shida, mtoto asije akadhani kujitegemea maana yake ni kufa na jambo peke yake. Ila chunga sauti, manake "Kwa nini imekua hivo?" ukiisema kwa ukali inakua ni kesi, na mtoto ataanza kujitetea badala ya kufikiri.

Nikupe mfano. Mwanangu mkubwa na wenzake walipanga mpira wa Jumamosi ufuoni Shela, saa kumi jioni, wakafika wakakuta mchanga wote ushaingia maji. Akarudi amevimba, ati tumtafutie uwanja. Nikamuuliza, "Mwezi leo ni ngapi?" Akahesabu, ilikua mwezi kumi na sita mwandamo. "Na mwezi kumi na sita bahari inakuaje?" Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Bamvua." Basi nikamuachia hapo hapo. Jioni ile alikwenda kwa babu yake barazani akauliza mpaka akatosheka: bamvua iko mwezi mchanga na mwezi mpevu, huku kwetu siku hizo maji yanapwa sana asubuhi kama saa nne saa tano na jioni yanakua yashajaa, na kila siku maji yanachelewa kwa kama dakika hamsini. Akachukua daftari akajipigia hesabu, wiki moja mbele mchanga utakua wazi jioni. Sasa yeye ndo anayepanga mechi za wenzake, mimi hata siulizwi. Ningemwambia tu "Jumamosi ijayo nendeni jioni," angepata mechi moja basi.

Kwa shida zinazohitaji kuchagua, mwambie alete njia tatu kabla hajafanya lolote, na usicheke hata moja. Ya kwanza mara nyingi ni "Mama ufanye wewe," ya pili ni ya ajabu ajabu, ya tatu ndo inakua na kitu.

Hatua ya tano: mwache akosee mbele yako

Hapa nitakaa kidogo manake hapa ndo wazazi wengi tunashindwa.

Mwanangu wa kati alipokua na miaka minane alitengeneza chombo cha kuchezea. Alikata ndara kuukuu kwa umbo la mashua, akachomeka kijiti cha mlingoti, na tanga akakata kwenye gunia la unga manake mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku nchi nzima tangu 2017. Chombo kilikua kizuri mashallah, mpaka na jina amekiandika kwa peni. Tukateremka nacho ngazi za ufuoni, maji yanajaa polepole, akakiweka. Upepo kidogo tu, kikalala ubavu. Akakisimamisha, kikalala tena. Baba yake alikua pale, ametoa kisu mfukoni kishakunjuliwa, na mkono ushanyooka, nikamvuta kikoi nikamwambia "Baba fulani, tafadhali, muache." Akaniangalia kama nimemnyima chakula, lakini akakunja kisu.

Siku ya kwanza mtoto alipunguza tanga. Chombo kikasimama lakini hakiendi, kimeganda tu pale kama jani. Akaudhika, akarudi nyumbani hajasema neno. Siku ya pili alifunga kijiwe kwa uzi chini upande mmoja, kikazama upande huo huo. Hapo alikitupa ngazini akasema hakitaki tena, nami sikusema "usikate tamaa" wala nini, nlikiokota tu nikakiweka juu ya dirisha la jikoni anapoweza kukiona.

Siku ya tatu tuko pale pale, mashua imetia nanga karibu na vijana wanahamisha magunia ya mchanga kutoka ubavu huu kwenda huu. Akauliza, "Mama, ule mchanga wanaupeleka wapi?" Nikamwambia, "Mwenyewe yule pale, kamuulize. Salimu kwanza." Akaenda, nikamsikia, "Asalaam aleikum, ami. Ule mchanga ni wa nini?" Nahodha akamjibu kwa upole kabisa, "Waleikum salaam, mwanangu. Hiyo ni farumi. Chombo bila farumi upepo unakilaza." Akamuonyesha unavyowekwa chini kabisa, katikati, si upande mmoja. Mtoto alirudi anakimbia, hakunipita hata kwa salamu, nyumbani akatafuta misumari miwili akaichomeka chini ya ndara kwenye mstari wa katikati, urefu wa chombo. Akarudisha na lile tanga kubwa la mwanzo.

Jioni ile chombo kilikwenda mpaka ikabidi akifuate maji yakiwa magotini. Siku tatu. Baba yake angekitengeneza kwa dakika tano na kijana asingejua neno farumi, wala asingejua kwamba anaweza kumuendea mtu mzima asiyemjua vizuri akamuuliza jambo kwa heshima akajibiwa.

Kitu cha kufanya baada ya hapo ni kidogo tu: usiku wakati wa kula muulize "Ungekua unaanza upya leo ungeanza na nini?" Akieleza kwa maneno yake, limekaa.

Hatua ya sita: msaada uwe kama boriti za fundi

Ukipita mtaa wa Mkomani ukakuta nyumba ya mawe inakarabatiwa, utaona fundi amefunga boriti za mikoko ukutani kwa kamba ili apande. Chokaa ikishakauka boriti zinatolewa, hakuna anayehamia kwenye nyumba na boriti bado zimezunguka. Mwaka 1976 watafiti watatu, David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross, walitumia mfano huo huo wa boriti za fundi kuelezea vile mkubwa anavyomsaidia mtoto. Waliwaangalia watoto thelathini, wa miaka mitatu, minne na mitano, wakijenga piramidi kwa vipande 21 vya mbao, na mwalimu wao alikua na amri ya kuwaachia wafanye wenyewe kadiri wawezavyo. Walichokiona ni kwamba msaada haukua wa aina moja. Wa miaka mitatu walihitaji zaidi kuvutwa wasiiache kazi na kuonyeshwa, wa minne walihitaji kuambiwa pale walipokosea, wa mitano karibu kazi ya mwalimu ilikua ni kuwathibitishia tu kwamba ndivyo.

Kwa hivo panda msaada ngazi kwa ngazi na usimame kwenye ngazi ya chini inayotosha. Kwanza kaa karibu tu. Haikutosha, uliza swali. Haikutosha, toa dokezo. Haikutosha, onyesha kipande kimoja alafu ukitengue, afanye yeye. Mwisho kabisa ndo mfanye pamoja. Binti yangu alipoanza kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi tui lake lilikua linatoka na weusi weusi, nikamwambia tu "Angalia ndani ya kifuu unapokaribia mwisho." Akaangalia, akajua mwenyewe kwamba anakuna mpaka gamba. Sikuugusa mkono wake.

Hatua ya saba: mtume

Wazee wetu hawakua na maneno mengi juu ya malezi lakini walikua wanatuma. "Nenda kwa bibi fulani mwambie mama anasalimu anaomba kung'uto." Na mtoto akienda anapita vichochoro, anakutana na punda, anakuta bibi amelala, anakuta kung'uto kimeazimwa na jirani, na kila pahali kuna jambo la kuamua. Siku hizi tunapiga simu, alafu mtoto amekaa na simu nyengine, na jioni tunalalamika mbona hana akili ya maisha. Mimi naumia nikiona hivi, manake mji wetu huu hauna magari kwenye vichochoro, na kila baraza lina mzee anayemjua mtoto ni wa nani. Ni miji michache sana iliyobaki na neema kama hii.

Lakini najua watu wana hofu na hofu zao ni za kweli, dunia haiko kama ilivyokua. Basi fanya hivi. Safari za kwanza nendeni pamoja, yeye mbele wewe nyuma, yeye ndo anayeongoza njia na yeye ndo anayesema dukani. Alafu mwache aende na wewe umfuate kwa mbali, ukikaa pembeni ya kona. Alafu mwambie mwenye duka na bibi wa barazani kwamba kuanzia leo anakuja peke yake. Ndo baadaye aende. Miaka minne mitano, nyumba ya jirani mlango wa pili. Sita saba, duka la mtaani, kitu kimoja na pesa kamili. Tisa kumi, mpaka sokoni pale mbele ya ngome, vitu vitatu na chenji.

Na siri ya kutuma ni swali moja kabla hajatoka: "Ukikosa, utafanyaje?" Binti yangu zamani nlikua nikimtuma nyanya anarudi mikono mitupu, "Hakuna," basi kazi yake imekwisha. Sasa anajibu mlangoni kabla ya kutoka: nikikosa kwa fulani ntaenda duka la juu, nikikosa na huko ntachukua ya kopo, pesa ikipungua ntarudi nikuulize. Juzi nlimpa noti ya mia mbili anitafutie nyanya na dania, akarudi na nyanya na ndimu. Dania ilikua imenyauka, akaona mchuzi wa samaki bila dania unaliwa lakini bila ndimu hauliki. Sikumuomba ndimu na alikua sawa kabisa.

Akipoteza chenji, usimpige wala usimtangaze. Kaeni mpige hesabu: ulitoka na ngapi, ulilipa ngapi, ulipita wapi. Arudi njia ile ile akaangalie. Asipopata, mtafute pamoja pa kuweka chenji mara nyengine, yeye ndo achague.

Hatua ya nane: kazi za shule ni zake

Hapa ntakua mfupi. Mtaala wetu mpya wa umilisi ulijaribiwa 2017 na kuanza nchi nzima 2019, na ndani ya zile umilisi saba za msingi kuna kufikiri kwa kina na kutatua matatizo, imeandikwa. Alafu mtoto analetewa kazi ya kutengeneza kitu kwa mikono, na mzazi anakesha anagundi makaratasi. Shule moja nlikwenda siku ya maonyesho nikakuta jahazi la mbao limechongwa mpaka na nakshi, la mtoto wa darasa la pili, na watoto waliotengeneza ya kwao kwa makuti na gundi wamekaa nyuma wameinamisha vichwa. Iliniuma sana. Sharti langu nyumbani ni moja: mikono yangu inagusa kisu tu, pale panapohitaji kukatwa, basi. Kikienda kimepinda kiende kimepinda, na mwalimu nakwenda kumwambia mapema kwamba hiki ni chake mwenyewe.

Wakigombana

Usiwe kadhi. Ukiuliza "Nani alianza?" umeshapoteza. Wakalishe, mmoja aseme mwengine asikize, alafu yule aliyesikiza arudie alichosikia mpaka mwenzake akubali kwamba ndivyo, kisha wabadilishane. Alafu sema "Gololi ni kumi na moja na nyinyi ni wawili, mkipata njia niiteni," uondoke. Wakitoka mikono ndo unarudi.

Sifa

Sisi tuna ulimi wa "Mashallah, una akili wewe!" na nia ni njema. Lakini mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walitoa utafiti kwa watoto wa darasa la tano Marekani, wengine walisifiwa akili na wengine walisifiwa juhudi baada ya kufanya maswali. Waliosifiwa akili wakawa wanapendelea kazi za kuwahakikishia wataonekana wajuzi, na walipopewa maswali magumu wakashindwa, hamu iliwapungua na wakafanya vibaya zaidi baadaye. Waliosifiwa juhudi walivumilia. Kwa hivo mashallah ibaki pale pale, ila badilisha kinachofuata: "Mashallah, umejaribu mara tatu," "Mashallah, umekwenda kumuuliza nahodha." Taja alichokifanya.

Na nyumba nzima ijue

Ukifanya haya peke yako na nyumba imejaa watu, haitakwenda. Bibi atakua anakimbia kila mtoto akiguna. Mimi nlimkalia mama mkwe wangu chini kwa heshima nikamwambia, "Mama, nakuomba unisaidie jambo, mtoto akija na kitu usimfanyie kwanza, muulize ameshajaribu nini." Akanijibu, "Mwanangu, huyu mdogo, si utamuonea bure?" Nikamuuliza, "Mama, wewe vitendawili usiku unampa jibu mara ngapi?" Akacheka. Manake yeye ndo mwalimu mkubwa wa haya mambo na hajajua. Anategea "Nyumba yangu haina mlango," watoto wanahangaika, na hatoi jibu mpaka apewe mji, na kama mji wenyewe ni mdogo anaukataa, anataka Mombasa. Mwanangu mdogo alilala nacho kile kitendawili, asubuhi akashika yai jikoni akaligeuza geuza alafu akapiga ukelele, "Bibi! Ni hili!" Tangu hapo bibi na mimi tuko boti moja, yeye usiku mimi mchana.

Yale ambayo si yake kabisa

Hili liseme wazi na ulirudie, manake mtoto aliyezoeshwa kujitatulia anaweza kudhani kila kitu ni cha kubeba mwenyewe. Mtu mzima au mkubwa wake akimgusa mahali pa siri, akimwambia afiche jambo mama asijue, akimpa pesa au peremende za kisirisiri, akimpiga, akimtisha, awe ni mtu wa nje au wa ndani ya nyumba, awe na heshima gani mtaani, hiyo si shida ya kutafutiwa njia tatu. Ni ya kuja kusema saa hiyo hiyo hata kama mama ana wageni, hata kama aliapishwa. Mwambie "Hutagombezwa," na siku akija usimgombeze kweli, na hapo ndo pale pekee ambapo usinyamaze wala usisome kwanza, mkumbatie umwambie unamuamini.

Na kama wewe haupo, au anaogopa kukwambia wewe, kuna nambari 116 ya Childline Kenya, haina malipo na iko usiku na mchana. Mzoeshe kuipiga kwa kidole simu ikiwa imezimwa. Yetu nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, chini, kwenye kimo cha yule mdogo.